Kopo la Samli na Ubao wa Mjomba Harub

Jumatano, 19 Machi

Saumu nzuri. Njaa ya kiasi. Leo nimeiiba siri ya Nasri.

Nasri ni fundi wa boti za faiba pale Kigombe. Niliwahi kufanya kazi kwake. Akaniachisha, akasema mikono yangu ina haraka na masikio yangu yana uvivu, na akayasema hayo mbele ya watu. Nimemsamehe. Ni Ramadhani. Ila nimeazimia kumpokonya wateja wake mmoja mmoja, kwa upole, bila kinyongo.

Wa kwanza ni Najat, mchuuzi wa samaki. Sanduku lake la barafu limevunjika mfuniko, na barafu humalizika kabla samaki hawajaingia Tanga mjini. Nasri kamwambia asubiri mpaka baada ya Idi. Mimi nikamwambia ataupata kabla. Akauliza kama nina hakika. Nikacheka kile kicheko cha mafundi, cha puani.

Kazi yenyewe si ngumu. Unatandika kitambaa cha faiba juu ya kitu laini na tambarare, unakimwagia gundi iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, ikikauka unabandua. Una ubao mwepesi, mgumu, usiopitisha maji. Ugumu uko kwenye kubandua. Gundi ile haijui kuwa meza ni meza na mfuniko ni mfuniko. Kwake vyote ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Nasri hubandua kama mtu anayevua foronya. Anafanyaje? Sikuwahi kuona. Kila alipoanza kuiandaa meza yake alinituma dukani.

Leo nimejibanza nyuma ya boti lililopinduliwa, nikijifanya mtu aliyezidiwa na saumu. Nikamwona. Alichota kitu cheupe chenye umanjano kwa kitambaa, akakipaka mezani, akasugua, akasugua tena. Kitu hicho alikichota kwenye kopo la samli. Kopo lenye picha ya ng'ombe!

Samli! Fundi mkubwa, boti zake zinafika mpaka Pangani, kumbe anapaka meza kama mwanamke anavyopaka kikaango cha mkate wa kumimina. Nimerudi kwetu Ngamiani nikicheka peke yangu garini. Abiria wa pembeni akahama kiti.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu Mastura alikwenda kwa dada yake kukata vitambaa vya Idi. Nikabaki na meza yake ya jikoni, ile yenye juu laini ya kung'aa. Nikachukua kopo la samli kabatini. Nasri hupaka kidogo. Mimi si bahili, nikapaka lote.

Nikatandika faiba. Nikamwaga gundi. Harufu yake ilipanda kichwani mpaka nikasahau njaa, nikawaza kama kunusa gundi kunafunguza. Nikampigia simu imamu wetu, nikamuuliza kwa niaba ya rafiki. Akasema nimwambie rafiki yangu afungue dirisha.

Alasiri nikajaribu kuinua pembe moja. Bado. Labda haijakauka.

Magharibi nikajaribu tena. Meza ikainuka.

Mastura aliporudi alisimama mlangoni, uji wa futari mkononi. Hakuuliza kuhusu meza. Aliuliza kuhusu samli. Ilikuwa ya vileja vya Idi. Nikamweleza kwamba ni mambo ya ufundi na kwamba Nasri naye hutumia samli. Akaniuliza kama niliionja ile ya Nasri, au hata kuinusa. Nikamwambia nilikuwa nimefunga. Akasema basi saumu yangu imemgharimu meza.

Tumefuturu chini, mkekani. Juu ya meza hapawekeki kitu. Pananata kama tende.

Ijumaa, 21 Machi

Faiba inawasha kuliko upupu. Vumbi lake limenipenya shingoni. Katika swala ya Ijumaa nilijikuna mpaka jirani yangu akaacha pengo kwenye safu, na pengo kwenye safu si jambo dogo.

Nje ya msikiti nikakutana na Wael. Wael ndiye mchezaji bora wa keram katika baraza letu na ndiye mwenye mdomo mpana kuliko wote. Habari za meza zilikwisha kumfika. Huyu huniita Injinia. Aliniuliza kama ni kweli kwamba nimeoa meza ya jikoni. Watu wakacheka na saumu zao midomoni.

Nikaondoka zangu. Nina heshima yangu sasa. Mwezi wa Ramadhani baraza letu halichezi keram, ndiyo desturi. Siku ya kwanza ya mwezi ubao hufutwa, hufungwa kanga, hukabidhiwa mtu mmoja aulinde mpaka Idi. Siku zote walipewa watu wenye sifa: mwenye duka la dawa, muadhini. Mwaka huu nimepewa mimi.

Si kwa mapenzi yangu, tuseme ukweli. Ubao ni wa Mzee Harub, mjomba wake Mastura. Wazee wenzake walikataa jina langu. Mastura ndiye aliyekwenda kwa mjomba wake, akamwambia: mpe Abdulghani, neno langu ndilo dhamana. Mzee akakubali.

Ubao wenyewe si wa dukani. Uliletwa kutoka Maskati na Ghadir, kaka yake Mzee Harub, marehemu. Siku moja Ghadir alipiga kwa nguvu, pete yake ikachimba pembeni kidonda cha urefu wa punje ya mpunga. Watu hukiita saini ya Ghadir. Mzee Harub hapigi kete ya kwanza mpaka akipitishe kidole pale. Idi pili tunacheza na baraza la Pangani, wanakuja wao kwetu, na ubao ni huo.

Uko nyuma ya kabati la nguo chumbani kwangu. Nimeutazama leo. Salama kabisa.

Jumapili, 23 Machi

Najat amepiga simu. Barafu yake inayeyuka. Anafunika samaki kwa gunia la maji na wateja wanamwambia samaki wake wana harufu ya gunia. Akasema kama siwezi niseme mapema, amrudie Nasri. Nikamwambia uko tayari, unakauka.

Nimefikiri mchana kutwa, nimelala chali, tumbo likinguruma. Na jibu likaja lenyewe, kwa sababu mtu aliyefunga hufunguliwa mengine.

Kitu gani katika Ngamiani nzima hakishikwi na kitu? Ubao wa keram. Kete ikiguswa kwa ukucha inakimbia kama imeitwa. Kwa nini? Poda! Unanyunyiza poda, kila kitu kinateleza. Kitu kinachoteleza kitagandaje? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi na sikupata mtu wa kunipinga. Nilikuwa peke yangu.

Basi. Nitautumia kwa saa chache tu, alasiri, Mastura akiwa kwa dada yake. Nitanyunyiza poda nyingi, nitatandika, nitabandua, nitafuta, nitaufunga kanga. Amana haiharibiki kwa kutumiwa kidogo. Mtu akikuwekea jogoo, si unamsikia akiwika?

Na dawa ya kugandisha nimepunguza. Hilo ni wazo langu mwenyewe, Nasri halijui. Dawa kidogo, kung'ang'ania kidogo.

Baadaye. Nimejaribu kuinua pembe. Bado. Labda haijakauka.

Jumatatu, 24 Machi

Imekauka.

Haibanduki.

Jumatatu hiyohiyo, baada ya futari

Nimejifungia chumbani na ubao. Nimemwambia Mastura nasoma Kurani. Akafurahi. Mungu anisamehe kwa furaha yake.

Nimejaribu kisu cha mezani. Kimepinda. Nimejaribu patasi kwenye pembe moja. Faiba ikatoka kipande cha ukucha, na rangi ya ubao ikatoka nayo. Nikaacha mara moja. Nimejaribu maji ya moto, mbao zikaanza kulia ndani kwa ndani. Nimejaribu kuizungumzisha.

Poda imelewa gundi na vyote vimekuwa saruji.

Mastura akagonga mlango, akaniuliza niko juzuu ya ngapi. Nikasema bado mwanzoni.

Jumatano, 26 Machi

Najat amesikia habari za meza na samli. Dada yake Mastura ana ulimi. Ameacha ujumbe wa sauti, hana hasira, ndiyo mbaya zaidi. Kasema kaka yangu Abdulghani, nilikuamini kwa kuwa ulicheka vizuri. Amekwenda kwa Nasri.

Sikula daku. Si kwa toba, sikusikia muadhini. Usingizi ulinikamata kabla ya alfajiri baada ya kukesha nikiutazama ubao. Nimefunga na tumbo tupu. Nilistahili.

Lakini leo mchana, nikiwa dhaifu kabisa, nimeliona jambo upande mwingine. Faiba haitaki kutoka. Vema. Isitoke! Iwe sehemu ya ubao. Nikipiga msasa itakuwa laini. Nikichora mistari upya, miduara, mishale, nani atajua? Ubao wa Mzee Harub umechakaa, rangi imekufa katikati. Nitakuwa nimeufanyia ukarabati. Labda wataniombea dua.

Nimekata faiba iliyoziba mashimo manne ya pembeni. Msasa nimenunua wa kutosha. Mastura ameuliza sauti ile ya kukwaruza ni ya nini. Nikasema naparua kutu ya baiskeli. Akasema baiskeli yako iko kwa fundi. Nikasema ndiyo, naparua mapema.

Ijumaa, 28 Machi

Nimechora. Sikulala mchana wala kwenda barazani, watu wakadhani niko itikafu. Duara la katikati nimelichora kwa kifuniko cha sufuria. Miduara midogo kwa kizibo cha soda. Mistari kwa rula ya madrasa ya watoto wa jirani. Nyekundu imekolea kidogo kuliko ile ya zamani, lakini macho ya wazee hayagombani na rangi.

Nimekagua kila kitu mara nyingi. Mistari ipo, mishale ipo, mashimo yapo. Sijasahau kitu.

Mwisho nimepaka gundi ya juu ili ing'ae. Dawa ya kugandisha ilikuwa imebaki tone tu chupani, nikaitikisa, machozi karibu yanitoke. Imetosha. Nadhani imetosha.

Unang'aa kama kioo cha sonara. Nilijiona humo. Nikageuza uso.

Jumapili, 30 Machi

Jioni watu wamepanda kwenye mapaa kutafuta mwezi. Mimi nilikuwa chumbani nikitafuta sehemu kavu.

Ubao unanata. Si sana. Ukiuwekea kiganja, unakishika kidogo kabla ya kukiachia, kama mtoto asiyetaka uende sokoni. Labda haijakauka. Nimeupulizia kwa feni mpaka umeme ukakatika.

Nikakumbuka poda. Nimenyunyiza poda, nikasugua kwa kitambaa, nikanyunyiza tena. Kunata kumekwisha! Unateleza kama maneno ya wakili. Nimepiga kete moja kwa majaribio, ikaenda, ikarudi, ikaenda. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Mwezi umeandama. Kelele mtaani. Mastura ameingia chumbani na mkono wa hina, akaniambia Idi njema mume wangu, kisha akautazama ubao umefungwa kanga, umesimama nyuma ya kabati kama ulivyowekwa siku ya kwanza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ameshukuru. Kwamba watu walimcheka alipoweka neno lake, na mimi nimemfuta aibu.

Nikaenda kuoga. Nilikaa chooni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Jumanne, 1 Aprili. Idi pili

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mwanzo, kwa kuwa mwisho siuwezi.

Pangani wamekuja baada ya adhuhuri, watu wanane kwenye gari ya kukodi, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi kama bahasha. Nahodha wao ni Manase, mwalimu, mtu mpole ambaye si Mwislamu lakini hupika pilau ya Idi kushinda nusu ya Ngamiani. Baraza lilikuwa limejaa. Kahawa, kashata, watoto na bunduki zao za plastiki. Jua kali, na bati la baraza letu halizuii jua, linalipika tu.

Nimeuleta ubao mwenyewe. Nikafungua kanga.

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Walipendezwa! Wael akaniuliza kama nimeupaka mafuta ya nywele. Nikasema ukarabati mdogo, zawadi yangu kwa baraza. Mwenye duka la dawa akanipa mkono. Nikamwona Mastura kwa mbali, kwenye mlango wa nyumba ya pili na wanawake wenzake, amenyoosha shingo kama anayepigwa picha.

Mzee Harub akaketi. Akakunja mkono wa kanzu. Akapeleka kidole kwenye pembe yake, kama kila siku.

Kidole kikapita. Kikarudi. Kikapita tena polepole, kikaenda juu kidogo, kikashuka. Kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya ugenini.

Hapo ndipo nilipokumbuka saini.

Mzee aliinua macho, akanitazama, akayashusha. Akasema Bismillahi, akaweka straika, ile kete kubwa ya kupigia, akapiga.

Kete zilitawanyika vizuri mno. Watu wakashangilia. Nikajiambia labda yatapita. Mchezo wa kwanza ulikuwa mwepesi kupita kiasi, Manase akasifu wepesi wa ubao. Lakini jua likaendelea na kazi yake. Poda ikaanza kuzama. Kete zikaanza kwenda kwa uvivu, kama wafanyakazi wa Ijumaa. Kete moja nyeusi ilifika kwenye mdomo wa shimo, ikainamia shimo, ikakaa pale. Manase akaipuliza. Ikakaa.

Wael akamwaga poda. Wakasubiri. Manase akaweka straika mstarini, akapiga kwa ukucha. Straika haikwenda popote. Ukucha ndio ulikwenda. Akakitia kidole mdomoni, akasema samahani, kama kosa ni lake.

Wael akamshika malkia, ile kete nyekundu ya katikati, akamvuta. Ubao mzima ukainuka naye. Akauinua zaidi, akausimamisha wima mbele ya umati, akautikisa. Kete zote zimeganda mahali pake kama vifungo vya koti. Hakuna hata moja iliyodondoka.

Mtoto mmoja akasema leo ni siku ya wajinga. Baraza zima likapasuka. Wapangani walicheka kwa adabu kwanza, halafu wakaiacha adabu. Manase peke yake hakucheka. Alisema kwa nia njema kabisa kwamba ubao kama huo ungefaa kuchezewa kwenye kivuko, mawimbi yasingeudhuru.

Nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi. Sikumbuki nani alinipa.

Mzee Harub alingoja kicheko kiishe. Akasema, si kwa ukali:

"Abdulghani. Saini iko wapi?"

Nikamwambia iko chini. Nikamweleza, sijui kwa nini, habari za mfuniko, na poda, na kopo la samli. Nilimaliza kwa kusema kwamba kinachonata ni juu tu, labda hakijakauka.

"Mkwe," akasema, "Ghadir nilimzika mara moja. Sikujua kwamba Idi pili nitaitwa kumzika tena."

Akainuka. Wael akamshika mkono mzee, wakaondoka.

Nilipotazama mlango wa nyumba ya pili Mastura hakuwepo.

Nimemkuta nyumbani, amekaa mkekani karibu na meza. Nikaanza kusema. Akasema moja tu:

"Lile neno lilikuwa langu, Abdulghani. Hukupewa wewe ulichezee."

Kisha akanipakulia chakula. Afadhali angenitupia.

Alhamisi, 3 Aprili

Wazee wamemwita Nasri kutoka Kigombe autazame ubao. Nasri! Nimeitwa na mimi, kuhudhuria. Nimekwenda nikipita vichochoroni, na bado watoto wawili walinifuata wakinyoosha viganja na kujifanya vimeganda ukutani.

Nasri hakunitambia. Nilijiandaa kwa maneno makali, nikakosa pa kuyaelekeza. Alisema kuibandua yote haiwezekani bila kuua mbao. Kinachowezekana ni kuipiga msasa taratibu mpaka ibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha kuipaka upya vizuri. Ubao utachezeka. Akaanza na pembe ya Mzee Harub.

Mzee amekaa kwenye kiti, mikono magotini. Nasri akasugua, akafuta, akasugua. Ile faiba ikaanza kuonyesha ndani kama maji, kisha kama kioo. Na chini yake, polepole, ikaonekana saini ya Ghadir. Nzima. Urefu wa punje ya mpunga, imejaa gundi yangu.

Mzee akainama. Akapitisha kidole. Pakateleza. Akapitisha tena. Analiona kovu la nduguye na hawezi kuligusa.

"Kumbe bado yumo," akasema.

Akasema yatosha, Nasri asichimbe zaidi, asije akaliharibu. Nilisubiri anitukane. Aliniuliza tu kama Mastura hajambo. Nikasema hajambo. Akasema nimpe salamu, nimwambie mjomba wake hana neno naye.

Naye. Nimeisikia hiyo naye mpaka nyumbani.

Wameamua papo hapo: Ramadhani ijayo ubao ataulinda Wael.

Nasri akifunga vifaa vyake nilimsogelea. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, kwa nini samli yake inakubali na yangu inakataa. Akanikodolea macho. Akasema samli ile waliila mwaka juzi, kopo ndilo lililobaki. Ndani mna nta. Anapaka nta, anasugua mpaka meza ing'ae, ndipo anamwaga gundi. Na kama mtu hana nta, akasema, atandike nailoni tu, nailoni ya kawaida ya dukani. Gundi haiishiki nailoni.

Nailoni. Ile tunayofungia maandazi.

Akaniuliza kwa nini sikumuuliza siku ile. Akasema aliniona nyuma ya boti, miguu yangu ilitokeza.

Jumapili, 6 Aprili

Sijatoka nje siku hizi ila kwa swala ya alfajiri, wakati nyuso hazionekani vizuri. Mastura anazungumza nami kwa adabu, kama na mpangaji. Jana alimwalika mjomba wake aje kula leo jioni. Anataka niombe radhi rasmi, na mimi nataka vilevile.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Mtu aliyeharibu hulipa kwa kitu. Nimeamua kumtengenezea Mzee Harub ubao mpya wa keram, wa faiba tupu, wangu mwenyewe, na pembeni nimchongee saini ya Ghadir ya kushikika. Atakapoingia jioni nitamkabidhi mlangoni. Mastura ataona. Nimemwona tayari akitabasamu, katika mawazo.

Nimeyapima sana yale aliyosema Nasri. Nta, sawa, ila maduka ya nta siyajui. Nailoni, hapana. Hebu fikiri: fundi aliyekuwa akinituma dukani kila anapoandaa meza ili nisione, leo aimwage siri yake bure, barazani, mbele ya kila mtu? Anaficha. Nailoni ni ya kuwapoteza watu. Siri yake hasa aliitaja bila kujua: meza lazima ing'ae.

Na kitu gani kinang'aa kuliko kioo?

Chumbani mna kioo kirefu cha kabati la Mastura, kile alichotunzwa na Mzee Harub siku ya harusi yetu. Hakina mkwaruzo. Nimekishusha, nimekilaza kitandani. Nimekisugua mpaka kikalia. Na ili niwe salama nimepaka mafuta ya nazi, kwa sababu kosa la mara ya kwanza nimeliona wazi: samli ni ya ng'ombe.

Dawa ya kugandisha safari hii nimetia nyingi. Mtu hujifunza.

Nilikuwa nimekiinamia wakati namwaga, na gundi nyingine ikafurika ukingoni mpaka kwenye mbao za kitanda. Nilijiona humo ndani, ndevu na haya zangu, kisha gundi ikapita juu ya uso wangu, sura ikafifia, ikapotea kabisa. Sikusikitika sana.

Wanabisha hodi. Sauti ya mzee, na Mastura anamkaribisha, anamwambia mume wake yuko chumbani na ana jambo la kumwonyesha.

Nimeinua pembe. Kitanda kimeinuka.

Labda haijakauka.